Anayekwenda kusoma Biashara aogope nini?

Kila mwaka Baraza la Mitihani (NECTA) linapotoa matokeo ya kidato cha sita na dirisha la udahili wa vyuo vikuu kufunguliwa, vijana wanaotaka kusoma Biashara huulizana swali moja: aliyetoka tahasusi ya HGL au CBG ataweza kukaa darasa moja na aliyesoma ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu? Swali hilo huwakosesha wengi usingizi. Hofu yenyewe ni halali. Shahada ni angalau miaka mitatu ya maisha, mara nyingi kwa fedha za Bodi ya Mikopo zitakazorejeshwa kwa muda mrefu, na hakuna anayekwenda chuo bila kusikia habari za waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli. Tatizo ni kwamba hofu hiyo imeelekezwa kwenye tahasusi, mahali ambapo hatari ni ndogo. Hatari kubwa iko chini zaidi, kwenye hesabu za kidato cha pili na kwenye uwezo wa kusoma Kiingereza kirefu. Aliyesoma ECA anaweza kuwa na hatari hiyo sawa na ambaye hakuisoma.

Tuanze na kinachofundishwa. Muhula wa kwanza wa shahada ya Biashara, iwe Mlimani, Mzumbe, IFM au CBE, haupishani sana: misingi ya uhasibu, misingi ya uchumi, hisabati za biashara, misingi ya menejimenti, stadi za mawasiliano. Uhasibu huanza mwanzo kabisa, kwenye kanuni kwamba mali ni sawa na madeni ukijumlisha mtaji, kisha debiti na krediti, leja, urari, hadi mizania. Haya yote mwanafunzi wa ECA ameshayaona, na wiki za mwanzo atajibu maswali huku mwenzake akiwa bado ananakili. Faida hiyo huisha upesi, kwa kuwa mada mpya zikianza huwa mpya kwa wote. Kisichofundishwa upya ni hesabu zilizolala chini ya mada hizo. Chukua mwenye duka aliyenunua bidhaa kwa shilingi 8,000 akaiuza 10,000. Faida yake ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, na ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Anayezichanganya hizo mbili atakosea kwenye kupanga bei, kwenye kukadiria thamani ya bidhaa zilizobaki stoo na kwenye kuchambua taarifa za fedha, na kila mara atadhani kilichomshinda ni uhasibu. Chukua tena mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, uliokaa miaka 3 bila kulipwa. Riba ikihesabiwa kwenye mkopo wa awali tu, deni litafika 1,450,000. Ikihesabiwa pia juu ya riba iliyokwisha kulimbikizwa, litafika 1,520,875. Tofauti ya shilingi 70,875 ndiyo mlango wa somo zima la thamani ya fedha kulingana na muda, na kuupita hakuhitaji zaidi ya vipeo. Mgahawa unaolipa pango la 600,000 kwa mwezi na kuuza kwa 2,500 sahani iliyougharimu 1,900 unapaswa kuuza sahani 1,000 ndipo usiwe na faida wala hasara. Huo ni mlinganyo sahili.

Kuhusu lugha, ushahidi ni wa zamani na ni mzito. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakiwemo wa chuo kikuu. Katika kundi la chuo kikuu walikuta wasiofika asilimia 20 ndio wanaoweza kusoma bila shida hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Mtu atasema hiyo ni takwimu ya zaidi ya miaka 40, na shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza zimeongezeka mno. Ni kweli zimeongezeka, lakini walio wengi bado wanapita njia ileile: shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, halafu sekondari kwa Kiingereza, ambako mwalimu hulazimika kuchanganya lugha ili aeleweke na mwanafunzi hubaki na notisi fupi za kukariri. Chuoni swali la uhasibu linaweza kujaza ukurasa mzima kabla ya kufika kwenye kinachoulizwa. Mtu anaweza kuujua uhasibu vizuri akalikosa swali hilo kwa sababu tu hakulisoma likamwingia akilini.

Ugumu ni kwamba hisia ya kuwa tayari, au ya kutokuwa tayari, ni kipimo kibovu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Wengine waliyasoma kwa vipindi vinne, wengine waliyasoma kwa kipindi kimoja kisha wakajijaribu kwa vipindi vitatu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka. Kwa hiyo mwenye hofu asiiulize nafsi yake kama iko tayari. Achukue mtihani wa zamani wa Hisabati wa kidato cha nne, akae saa tatu bila kikokotoo wala simu, kisha asahihishe kwa ukali. Asome sura moja ya kitabu cha uchumi cha mwaka wa kwanza, akifunge, aandike alichoelewa kwa Kiingereza chake mwenyewe. Hapo ndipo hofu itapata jina la mada: asilimia, vipeo, grafu, au usomaji.

Wapo watakaopinga kwamba muda hautoshi. Kwa miaka mingi waliofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa karibu mtu mmoja katika kila watano, na kilichoshindikana kwa miaka minne hakiwezi kutibiwa kwa miezi michache, tena kwa kijana ambaye huenda sehemu ya miezi hiyo yuko JKT. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama Biashara ingedai silabasi yote. Haidai jometri ya duara wala trigonometria. Inadai sehemu ndogo inayojulikana, na kijana wa miaka ishirini mwenye sababu ya kujifunza si yule mtoto aliyeogopeshwa na hesabu akiwa na miaka kumi na minne. Atakayefikia nusu ya lengo atakuwa amepunguza nusu ya mzigo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba tunambebesha mwanafunzi kosa la mfumo. Hapa nakubali sehemu kubwa. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kwa nini wanafunzi weusi wengi walianguka kwenye kalkulasi huku wenzao wenye asili ya China wakifanya vizuri. Wahadhiri walidhani sababu ni maandalizi duni au kukosa hamasa. Treisman alikuta jambo jingine: kundi la kwanza lilisoma peke yake, kila mtu chumbani kwake, la pili lilikaa pamoja likikosoana. Alipoanzisha vikundi vya kufanyia kazi maswali magumu kwa pamoja, matokeo yalibadilika sana. Huku kwetu diskasheni za vikundi tunazo, lakini nyingi hufufuka wiki moja kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, na aliye dhaifu huenda kusikiliza tu. Chuo kingeweza kuzipanga tangu wiki ya kwanza, zikiwa na mwalimu msaidizi, na wiki hiyohiyo kikatoa jaribio la saa moja la hesabu na usomaji lisilo na alama, ili kila mmoja ajue pa kuanzia. Katika vyuo vingi leo kipimo cha kwanza anachokutana nacho mwanafunzi ni jaribio la kozi weki, na alama zake tayari zinaingia kwenye GPA.