UFUNDISHAJI WA SAYANSI KATIKA SKULI ZA MSINGI: MFANO WA SAME NA MILIMA YA UPARE

Makala hii inakusudia kuwaeleza wananchi, wazazi na watumishi wa Serikali namna somo la Sayansi linavyopaswa kupanda ngazi kwa ngazi, kuanzia Darasa la Kwanza hadi mwisho wa elimu ya msingi. Mfano uliochaguliwa ni Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, pamoja na Milima ya Upare inayoizunguka.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akauliza kwa nini tuvuke bahari kutafuta mfano. Sababu ni mbili. Kwanza, mvua inayonyesha Upare hubebwa na pepo zitokazo Bahari ya Hindi, ambazo sisi twazijua tangu utotoni. Pili, tatizo la ufundishaji ni moja kote kote: mtoto hukariri maneno ya kitabu bila ya kukiona kitu chenyewe, ilhali kitu hicho kiko nje ya dirisha la darasa lake.

HALI YA MAHALI

Mji wa Same umo chini ya milima, upande wa magharibi. Mvua yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 tu, na miaka mingine hupungua zaidi. Lakini ukipanda milimani, hususan miteremko ya mashariki inayokabili bahari, mvua hupindukia milimita 1,000. Kilele cha Shengena, chenye kimo cha takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, kimefunikwa na msitu wa Chome, na chini yake, upande wa kaskazini-mashariki, umetanda ukame wa Mkomazi, eneo ambalo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2008.

Hivyo basi, katika wilaya moja mwanafunzi anaweza kuona msitu wenye ukungu, mashamba ya tangawizi ya Mamba Myamba, mpunga wa Ndungu, machimbo ya jasi ya Makanya na nyika ya wanyama. Ni maabara ambayo hakuna aliyeijenga, wala haina kodi.

Katika mambo yote hayo, maji ndiyo yanayoiunganisha wilaya. Kwa sababu hiyo makala hii itafuata maji peke yake, ili ionekane jinsi jambo moja linavyoweza kufundishwa katika kila darasa bila ya kurudiwa bure.

MADARASA YA CHINI: KUTAZAMA NA KUTAJA

Katika Darasa la Kwanza na la Pili, mkazo wa mtaala ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na sayansi huingia kwa njia ya afya na mazingira. Baadhi ya walimu hudhani kwamba hapo sayansi bado haijaanza. Dhana hiyo si sahihi. Mtoto wa miaka sita au saba ana kazi moja kubwa ya kisayansi, nayo ni kutazama kwa makini na kukitaja alichokiona.

Mwalimu ataweka visahani viwili vya maji, kimoja juani na kingine kivulini, na kila baada ya saa moja watoto watatazama na kusema kilichobadilika. Siku nyingine watashika mchanga, udongo wa mfinyanzi na udongo wa shambani, kisha watamimina maji na kuangalia ni upi unaoyanywa haraka. Hakuna haja ya kutaja neno mvukizo. Neno litakuja wakati wake, na litamkuta mtoto tayari anayo habari yake.

Inafaa izingatiwe pia kwamba watoto wengi wa milimani huzungumza Chasu nyumbani, na Kiswahili hukutana nacho zaidi skuli. Mtoto aachwe akitaje kitu kwanza kwa lugha ya mama yake, kisha afundishwe neno la Kiswahili. Anayezuiwa kutumia neno alilonalo hunyamaza, na aliyenyamaza mwalimu hawezi kujua ameona nini.

MADARASA YA KATI: KUPIMA NA KULINGANISHA

Sayansi kama somo lenye jina lake huanza Darasa la Tatu. Hapa mtoto hatosheki tena na kusema "mvua ilikuwa kubwa". Anapaswa kusema ilikuwa kubwa kiasi gani.

Kipimamvua cha skuli hutengenezwa kwa chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, iliyokatwa shingo, na rula iliyofungwa ubavuni. Kanuni yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Paa la darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimita 20, paa hilo hupokea lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20, ingawa kiasi fulani hupotea kabla ya kufika pipani.

Kwa mtoto wa mji wa Same hesabu hiyo si mchezo. Watu wa mji huo wameishi na uhaba wa maji kwa miaka mingi, hadi mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulipozinduliwa Machi 2025. Mtoto aliyeipiga hesabu ya paa lake mwenyewe huelewa kwa nini gata lililovunjika ni hasara, na anaweza kumweleza mzazi wake.

Aidha, skuli ya mjini na skuli ya milimani zinaweza kuandika vipimo vyao kwa msimu mmoja na kubadilishana daftari. Tofauti itakayoonekana itazaa swali ambalo ndilo lango la hatua inayofuata: kwa nini huku inanyesha na kule hainyeshi, na mawingu ni yale yale?

MADARASA YA JUU: KUTAFUTA SABABU

Katika Darasa la Tano na la Sita, na la Saba kwa wanaomalizia utaratibu wa zamani wa miaka saba, mwanafunzi hujibu swali hilo. Hewa yenye unyevu ikigonga mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi, hivyo mvuke hugeuka matone na mvua hunyesha upande huo. Hewa inayoshuka upande wa pili huwa imekwishaacha maji yake, tena hupata joto inaposhuka. Mji wa Same umo katika kivuli hicho cha mvua.

Jaribio la pili linahusu udongo. Wanafunzi huchukua masinia mawili, moja lenye udongo mtupu na jingine lenye udongo uliooteshwa majani. Yote huinamishwa kwa mwinamo mmoja na kumwagiwa maji ya kiasi kimoja kutoka kimo kimoja. Maji yanayotoka hukingwa katika chupa mbili na kutazamwa. Mwalimu asisitize kwamba kitu kimoja tu ndicho kilichotofautishwa, yaani majani, na mengine yote yamewekwa sawa. Mwanafunzi aliyeielewa kanuni hiyo ameushika msingi wa sayansi yote, hata akisahau mengine.

Udongo wa mteremko si jambo la masinia tu. Mwezi wa Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba, wilayani Same, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mteremko mkali ukishiba maji, udongo huwa mzito na kushikana kwake hupungua. Dalili kama nyufa mpya katika ardhi, miti inayoinama, au chemchemi inayotokea ghafla, zinaweza kutambuliwa hata na mtoto wa miaka kumi na miwili, mradi amefundishwa kutazama tangu Darasa la Kwanza. Hapo ndipo faida ya ngazi zote tulizozieleza inapoonekana.

ELIMU YA WAZEE NA ELIMU YA KITABU

Wapare wana ndiva, yaani mabwawa madogo yaliyojengwa miteremkoni. Maji ya kijito huingia usiku, na mchana hufunguliwa kwa zamu kuelekea mashambani. Ndiva yenye urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha mita moja na nusu huhifadhi mita za ujazo 450. Darasa linaloitembelea hujifunza mkandamizo wa maji, ujazo, mvukizo na tope linalotuama, na vilevile hujifunza kwamba wazee walipanga haya kabla ya skuli kujengwa. Mzee msimamizi wa zamu za maji akaribishwe darasani, aulizwe maswali, na heshima yake itunzwe.

Jambo jingine ni malaria. Kati ya 1954 na 1959 ulifanyika Mradi wa Malaria wa Pare na Taveta, ambapo nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin, Upare na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya. Malaria ilipungua sana, lakini upuliziaji uliposimamishwa ugonjwa ulirejea kidogo kidogo. Sisi wa Zanzibar tunayo kumbukumbu inayofanana: kampeni iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikoma mwaka 1968, na malaria ikarudi baadaye. Mwanafunzi wa darasa la juu anayejua maisha ya mbu, kuanzia yai, kiluwiluwi, buu hadi mbu kamili, huelewa kwa nini ushindi usiolindwa haudumu. Huelewa pia kwa nini kijiji cha baridi milimani huwa na malaria kidogo kuliko mabonde ya mpunga: kimelea chahitaji joto ili kikue ndani ya mbu.

NINI KIFANYIKE

Walimu wanaombwa wachague jambo moja la mahali pao na kulipangia hatua zake kwa kila darasa, ili mwalimu wa Darasa la Tano ajue yule wa Darasa la Tatu alipoishia. Daftari la vipimo vya skuli lihifadhiwe, lisitupwe mwisho wa mwaka, kwani vipimo vya miaka kumi vina thamani kubwa kuliko vya mwaka mmoja.

Wakaguzi wa elimu wanakumbushwa kwamba chupa iliyokatwa, sinia na ndoo ni vifaa halali vya maabara. Skuli isihesabiwe kuwa haina vifaa kabla ya kuulizwa imetumia vipi vilivyopo.

Wazazi na walezi nao wasimkaripie mtoto anayerudi nyumbani na viatu vya tope kwa kuwa alikwenda kupima kijito. Wamuulize ameona nini, na wamsikilize.

Kwa upande wa visiwa vyetu, kinachohitajika ni kubadilisha jambo lenyewe, utaratibu ukabaki ule ule. Badala ya mlima tunayo bahari. Darasa la Kwanza litaje viumbe waliobaki pwani maji yakitoka. Darasa la Tatu lipime kimo cha maji kujaa na kupwa kwa kijiti kilichotiwa alama. Darasa la Tano lieleze kwa nini bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Na Darasa la Sita lichunguze kwa nini ufukwe wenye mikoko hauliwi na mawimbi kama ule uliokatwa mikoko yake.

Mtoto aliyefundishwa hivyo hataogopa neno gumu atakapolikuta katika kitabu cha sekondari, hata likiwa kwa lugha ya kigeni, kwa sababu kitu chenyewe atakuwa amekwisha kukishika kwa mikono yake.