Kartoni moja, ekipi sita: roboti ya kubadilisha mikono

Kama umemaliza masomo ya ufundi ao ya hesabu na uko nyumbani unangoja kazi, siku moja mkubwa wa shule ya mtaani atakuita: "Tulipewa kartoni ya roboti, kuja utufundishie watoto." Mimi niliitwa hivyo. Nilikuta kartoni moja ya LEGO Mindstorms EV3, ile ya shule, vipande 541, na wanafunzi 31 wakiiangalia kama keki.

Nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu anafanya. Nikafungua kitabu cha picha, tukajenga roboti moja nzuri ya kubeba mizigo. Watoto 5 walishika vipande, 26 walisimama nyuma. Jumamosi iliyofuata kundi lingine likataka kujenga ya kwao, basi tukabomoa yote. Jumamosi ya tatu, vile vile: kujenga, kubomoa. Msichana mmoja wa nyuma akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na sisi ni lini?" Nilihesabu kichwani: zamu yake ingefika kisha mwezi mzima. Kwa kweli nilisikia haya.

Jibu nilikuja kulipata fasi sikuwaza, kwenye mashindano ya FIRST LEGO League. Yalianza mwaka 1998, yakianzishwa na shirika FIRST la Mmarekani Dean Kamen pamoja na kampuni ya LEGO. Meza iko na kazi nyingi: kusukuma, kuinua, kuvuta, kubeba. Mchezo ni dakika 2 na nusu tu, na roboti haina ruhusa ya kupita moteri 4. Sasa roboti moja itafanyaje kazi zote? Inatoka, inafanya kazi moja ao mbili, inarudi nyumbani kwake kwenye kona ya meza, watoto wanatoa mkono mmoja na kuweka mwingine, inatoka tena. Mwili ni uleule, mikono njo inabadilika.

Mnajua ile moteri ya mazutu ya kusagia unga wa mihogo? Leo mukanda unazungusha mashini ya kusaga, kesho mwenyewe anauhamisha kwenye jenereta. Hakuna mtu anabomoa moteri juu ya kuwasha taa. Ni akili ileile. Mimi naita "mkono" kila kitu unachopachika kwenye mwili wa roboti, hata kama ni ndoana tu.

Tuanze na mwili. Kartoni ile iko na moteri 3: kubwa 2 na ya kati 1. Zile kubwa zinapelekwa kwenye magurudumu. Ya kati inabaki kwa ajili ya mikono yote, na usiifungie kazi moja. Mwili uwe mfupi, mpana, mgumu, na ule vipande kidogo iwezekanavyo. Wa kwetu ulikula kama 180, kwa hiyo kila ekipi kati ya sita ikapata karibu 60 za kujengea mkono wake. Halafu angalia jambo hili ambalo vitabu vinalipita haraka: mwili ukae namna unaweza kubadilisha betri bila kubomoa chochote. EV3 inatumia betri yake ya kuchaji ao betri ndogo 6 za AA, zile tunatia ndani ya redio. Kwetu umeme unapokatika siku tatu, AA njo zinaokoa masomo.

Sasa pale mkono unakutana na mwili. Hapa njo kazi yenyewe, na hapa nitakawia. Watoto wanapenda kufunga mkono kwa pini. Pini nyeusi ya LEGO inabana, ya kijivu inateleza. Ukifunga mkono kwa pini nyeusi 6, kuutoa ni dakika nzima na kucha zinauma. Acha pini. Simamisha vijiti vinne kwenye pembe za mwili, vikiangalia juu. Kila mkono uwe na mashimo manne yanayolingana navyo. Unaushusha kutoka juu, unakaa, uzito wake unaushikilia. Kubadilisha kunachukua sekunde 3 ao 4. Vipimo vya vijiti hivyo vinne tuliviandika kwenye ubao wa darasa na nikakataza mtu kuvigusa. Ekipi ziko huru kwa mengine yote, lakini hapo apana.

Nguvu ya moteri inapandaje mpaka kwenye mkono? Weka gurudumu la meno juu ya mwili, nusu yake ya juu ikiwa wazi. Mkono nao uwe na gurudumu la meno chini. Ukiushusha, meno yanaingiliana yenyewe. Yakigongana ncha kwa ncha, tikisa kidogo tu.

Lakini meno hayaingiliani kwa bahati. Kutoka shimo moja la LEGO mpaka lingine ni milimita 8. Na magurudumu yao ya meno yalichongwa kwa hesabu tamu: idadi ya meno ni sawa na upana wake kwa milimita, ukipima pale meno yanakutana. La meno 8 na la meno 24 zinahitaji (8 + 24) ÷ 2, ni kusema milimita 16, mashimo 2 kamili. Za 12 na 20, vilevile 16. Za 12 na 36, milimita 24, mashimo 3. Jaribu 16 na 24: unapata 20, mashimo 2 na nusu, na kwenye kijiti kilichonyooka haitaingia hata ukilia. Watoto wangu walipoteza saa nzima wakiisukuma mbele ya kugawanya kwa 8.

Hesabu hiyohiyo inakupa nguvu. Moteri ya kati inazunguka mara karibu 250 kwa dakika lakini nguvu yake ni ndogo, kama 8 Ncm wakati inafanya kazi, na ile kubwa iko na 20. Ukitoka meno 8 kwenda 24, mwendo unagawanywa kwa 3 na nguvu inazidishwa kwa 3, ukitoa kidogo kwa msuguano. Ndiyo, moteri ndogo inaipita ile kubwa. Na kama mkono unabeba mzigo na hautaki uanguke pale moteri inazimika, tumia ule msumari wa kujiviringa kama skrubu pamoja na gurudumu la meno 24: unapunguza mwendo mara 24, na mzigo hauwezi kuuzungusha kinyumenyume.

Mkono ninaoupenda kuliko yote hauna moteri kabisa. Ni ulimi mdogo uliofungwa kwa pini ya kijivu, na kizuizi nyuma yake. Roboti ikisonga mbele, ulimi unainuka na kuruka juu ya pete. Ikirudi, ulimi unagonga kizuizi, unashika pete na kuivuta. Vipande 7.

Kwa programu, neno moja tu: musihesabu sekunde. Betri ikichoka, sekunde 2 za jana si sekunde 2 za leo. Moteri hizi zinajipima zenyewe mpaka digrii 1. Gurudumu la EV3 lina upana wa milimita 56, basi mzunguko mmoja ni karibu sentimita 17.6, na meta moja ni kama digrii 2,046. Na kila mkono ukishapachikwa, uanze kwa kusukumwa polepole mpaka ugonge kizuizi. Pale njo sifuri yake. Bila hiyo, mtoto aliyeupachika umepinda kidogo ataharibu safari yote.

Kuna watakaosema mashini hizi zimekufa, kwa kuwa LEGO iliacha kutengeneza Mindstorms mwisho wa 2022. Ya kwetu haijasikia habari hiyo. EV3 iko na tundu la kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya telefone. Unaweza kutia humo ev3dev, mfumo wa bure wa Linux, na watoto wakaandika Python.

Jumamosi ya saba, ekipi sita ziliingia na mikono sita. Mwili ulikuwa mezani umekwisha kuwashwa. Yule msichana wa nyuma ndiye alibuni ule ulimi wa vipande 7. Pete ilimshinda mara mbili, akahamisha pini shimo moja nyuma, na mara ya tatu ikaja.