Nyumba kuukuu Ndama: fumua lipu kwanza, rangi baadaye

Anayenunua nyumba kuukuu Ndama, wilayani Karagwe, kwa nia ya kuitengeneza na kuiuza huwa ameshaiona kichwani: kuta nyeupe, marumaru sebuleni, bati la rangi ya damu ya mzee, geti jipya. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kwa hesabu zangu rangi ni kitu cha wiki ya mwisho. Pesa ya biashara hii hupotelea mahali pasipoonekana: nyuma ya lipu, juu ya silingi bodi, na kwenye makaratasi ya ardhi.

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, zina nyumba nyingi zilizojengwa kwa pesa ya kahawa, maana yake zilijengwa msimu kwa msimu. Mwaka huu msingi wa mawe, mwaka wa pili matofali, bei ya kahawa ikichangamka ndipo bati. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na sebule ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake jiko na stoo za matofali mabichi, zote zimevishwa lipu moja ukadhani ni ukoo mmoja. Hata hayo ya kuchoma mara nyingi yameunganishwa kwa udongo, si saruji. Kabla ya kujadili bei, omba ruhusa ya kubandua lipu kiganja kimoja kwenye kona mbili, chini ya dirisha moja na kwenye ukuta wa kati. Muuzaji akikataa kata kata, amekwisha kukujibu.

Kuna sababu nyingine ya kuchungulia. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kule Bukoba shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Kitovu kilikuwa upande wa Missenyi, si Karagwe, lakini nyumba yoyote ya mkoa huu iliyokuwa imesimama siku ile ilitikiswa, na nyingi ziliishia kuzibwa nyufa na kupakwa rangi. Ukuta wa matofali hubeba vizuri mzigo unaoshuka wima. Ukisukumwa kwa pembeni hauna nguvu. Kama juu ya madirisha hakuna mkanda wa zege uliozunguka nyumba nzima, ile linta inayofunga kuta zote pamoja, kila ukuta hucheza peke yake, kona zinaachana, na pembetatu za ukuta zilizo chini ya paa ndizo za kwanza kuanguka.

Ufa husomwa. Ule mwembamba usioingiza ukucha, unaotambaa ovyo juu ya lipu, hauna neno. Ni lipu iliyokauka haraka. Unaoanza kwenye kona ya dirisha ukashuka kimshazari unasema msingi umezama upande mmoja. Unaopanda wima kwenye kona ya nyumba unasema kuta mbili zimeachana, na huo ndio ninaouogopa. Njia ya kuujua ufa uliolala na ule unaotembea ni ya bei nafuu: bandika kiraka cha lipu kukatiza ufa, andika tarehe juu yake, subiri mvua za vuli au masika zipite. Kiraka kikipasuka, nyumba bado inahama. Najua mwenye haraka ya kuuza hapendi kusikia habari ya kusubiri msimu mzima, lakini mnunuzi wake ataishi humo misimu mingi.

Mkanda wa zege unaweza kuongezwa kwenye nyumba ya zamani, ila lazima paa lishuke. Basi kama bati limechoka na lazima libadilishwe, hiyo ndiyo nafasi yako pekee ya kuufunga ukuta. Kawaida ni nondo nne za milimita 12 zenye ringi, na zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa ukuta wa matofali mabichi ulioachana kona sitoi ushauri huo. Huo ubomolewe.

Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo ni kosa linalorudiwa kila mtaa. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo ni laini na hunywa maji. Mvua ikipenya kwenye ufa mmoja, maji hunaswa ndani, udongo unalainika nyuma ya lipu ambayo kwa nje bado inang'aa, na siku moja lipu inadondoka kipande kizima. Ukuta wa namna hiyo unataka lipu ya chokaa, au udongo uliochanganywa na saruji kidogo, au angalau wavu wa kuku uliopigiliwa misumari kabla ya lipu. Kabla ya yote hayo unataka maji yawe mbali nao: paa lililotokeza vya kutosha, mfereji, na sakafu ya zege inayozunguka nyumba kwa nje ili matone yasirushe udongo mwekundu ukutani.

Paani panda na bisibisi. Ichome kenchi pale inapolalia ukuta, kwa sababu mchwa huanzia hapo. Ikizama bila kelele, hesabu mbao mpya. Dukani kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda bati linapungua unene. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko yote mawili.

Sasa mafundi. Watu husema tafuta fundi mwaminifu, wakimaanisha fundi wa ukoo, wa kanisani au wa kijijini kwenu. Mimi naamini zaidi namna unavyomlipa. Fundi yuleyule huwa mwaminifu kwa mkataba mmoja na mjanja kwa mwingine.

Kazi ya kufumua, yaani kubandua lipu, kushusha silingi, kufukua msingi, ilipwe kwa siku, kwa sababu hakuna ajuaye kitakachokutwa humo. Fundi anayetaja bei ya jumla ya nyumba kuukuu kabla ya kufumua amejiwekea mto wa hasara, au ataondoka katikati pesa ikiisha. Ukishaona kilichomo, kila hatua ipewe bei yake: ukuta, paa, lipu, sakafu. Lipa hatua inapokamilika, na sehemu ndogo, kama moja ya kumi, ibaki mkononi hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Karatasi moja inatosha, iwe na saini za pande mbili na shahidi. Na posho ya saidia fundi itajwe humo, la sivyo atakufuata wewe kila jioni.

Kwenye vifaa ndiko kelele huwa nyingi, na hesabu huzipunguza. Lipu ya unene wa milimita 15, saruji moja kwa mchanga nne, hutumia mfuko wa kilo 50 kwa mita za mraba nane hadi tisa. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha kina karibu mita za mraba 34. Hiyo ni mifuko minne. Fundi akiomba saba, usimwite mwizi bado. Vuta kamba, shusha timazi. Ukuta wa zamani ukiwa umepinda, lipu inafika milimita 25 ili inyooke, na mifuko inakaribia saba kweli. Ukuta ukiwa wima na bado anataka saba, hapo mna mazungumzo.

Kumjua fundi, usiangalie nyumba aliyomaliza mwezi uliopita. Kila lipu ni nzuri ikiwa mbichi. Kaone aliyoimaliza miaka mitatu nyuma, umuulize mwenye nyumba ni nini kilichoharibika kwanza na kama fundi alirudi alipoitwa. Cheti cha VETA kinasaidia, na siku hizi VETA hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, hivyo mwashi mkongwe asiyesoma chuo naye anaweza kuwa nacho. Kwa umeme sina mjadala: awe na leseni ya EWURA, hasa kwenye nyumba yenye waya za zamani.

Nirudi kwenye makaratasi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, iliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory na mwenzake. Holaria, mama wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, na ndugu yake Bernardo akataka mauzo yatenguliwe kwa kuwa muuzaji ni mwanamke. Jaji alisema mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Uamuzi huo unakumbukwa kwa hilo, na ni haki. Mnunuzi wa nyumba kuukuu asome pia sehemu ya pili: wanaukoo ambao hawakuridhia mauzo walibaki na haki ya kuikomboa ardhi kwa kulipa bei iliyonunuliwa. Fikiria umeshaweka paa jipya na marumaru ndipo ndugu anatokea na bei ya zamani. Saini za wanaukoo zipatikane kabla ya nyundo ya kwanza. Na ya mke au mume pia, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza.

Kodi huamua kama ulifanya biashara au ulijitolea. Chukua mfano: umenunua kwa milioni 18, umetengeneza kwa milioni 14, umeuza kwa milioni 38. Faida ni milioni 6, na mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida, yaani shilingi 600,000. Asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya thamani ya mauzo, ambayo hapa ni 1,140,000. Risiti za mashine za saruji na bati zina thamani ya zaidi ya nusu milioni kwenye nyumba hii moja. Ukiuza nyumba hivi kila mwaka, TRA itakuhesabu mfanyabiashara, na utaratibu ni mwingine.

Soko la nyumba la Ndama na mji wa Kayanga si kubwa. Mnunuzi wako ni mtumishi au mfanyabiashara ambaye anaweza pia kununua kiwanja na kujenga, kwa hiyo bei ya kujenga upya nyumba ya ukubwa uleule ndiyo dari yako. Ununuzi na ukarabati vikiikaribia, acha. Nyumba yenye ukuta mbovu na karatasi safi bado inauzika kama kiwanja. Yenye ukuta imara ambayo ukoo haujasaini, usiiguse.