Mieleka ya Gaaru na Mzigo wa Kariakoo

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Meru hutujia miraa. Mimi, kwa kuwa nimekwisha kuzungukia Meru na Embu, hunijia mieleka.

Mwanzo wa karne ya 20 mpiga mieleka wa huko hakulipwa senti wala hakuvishwa nishani. Alianzia machungani, akibwagana na wenziwe huku mbuzi wakila. Alipokwisha kutahiriwa, Mmeru alihamia gaaru, nyumba kubwa ya vijana wa vita, akalala na kula na rika lake. Na kuoa kulikuwa mwiko mpaka zamu yao ipite. Mabavu yale hayakuwa yake peke yake. Yalilinda ng'ombe wa ukoo, na yakitwaa wa jirani.

Wasomaji wa Lamu watapenda kujua kuwa Wameru husimulia asili yao ni kisiwa cha Mbwaa, walikokimbia utumwa wa watu wa nguo nyekundu. Wako wataalamu waliokitafuta kisiwa hicho karibu na Manda. Watapenda, au watasutika, maana wavaa nguo hizo hudhaniwa ni watu wa kwetu. Wallahu aalam.

Kisha akaja Mwingereza. Embu ilipigwa mwaka 1906. Mwaka 1908 Edward Horne, waliyemwita Kangangi, akafungua kituo Meru. Uvamizi wa ng'ombe ukakatazwa, na mikono ya mieleka ikashikishwa majembe ya barabara.

Pigo hasa lilikuwa mwaka 1917. John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya wapagazi wa vita vya kumfukuza Mjerumani. Madaktari waliwapima watu, na mwenye kifua na miguu imara ndiye aliyechukuliwa. Basi kijana aliyekuwa hashindwi uwanjani, nguvu zake ndizo zilizomponza! Watu wa baridi ya mlimani wakashushwa kwenye joto na mbu, wakalishwa unga wa mahindi usioiva vyema. Hesabu ya serikali yenyewe ilipita wapagazi 40,000 waliokufa, wengi kwa kuhara na homa, si kwa risasi.

Jina la kikosi chao ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi, ipo sanamu ya watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mpagazi hata mmoja halimo.