Kalenda Mbili, Chungu Kimoja

Tarehe 9 Oktoba ng'ambo hawaendi kazini: Uganda inaadhimisha uhuru wake wa 1962. Kesho yake, tarehe 10, zamu inakuwa yetu sisi wa upande wa Kenya. Kwa siku mbili mfululizo Malaba, mji wetu wa mpakani, hupumua kwa pafu moja. Mtoto wa Kocholia, huku kwetu, mwenye binamu yake Tororo, ng'ambo, yuko darasani leo na mwenzake anachunga ng'ombe; kesho wanabadilishana.

Hiyo tarehe 10 yetu nimeijua kwa majina manne. Ilikuwa Siku ya Moi. Katiba ya 2010 ilipotaja sikukuu za kitaifa, ilitaja Madaraka, Mashujaa na Jamhuri tu, siku ya Moi ikaachwa nje. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikairudisha. Baadaye ikaitwa Huduma, kisha Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira. Sina neno na kupanda miti. Huku Teso, ambako tumbaku ilikaushwa kwa kuni miaka nenda miaka rudi, ardhi inaililia miti. Lakini jina lilipobadilika, kijijini kwetu sikusikia mtu akiuliza kwa nini. Sikukuu isiyoulizwa habari zake ni mgeni ambaye bado yuko uani, hajakaribishwa ndani.

Madaraka na Mashujaa ni vivyo hivyo kwa wengi wetu. Wanafunzi huimba, wazee wenye kofia huketi hemani, hotuba ya Rais husomwa na kamishna. Waliobaki wako shambani, kwa kuwa tarehe 1 Juni palizi haijaisha na wimbi linaanza kutoa masuke. Ukiwapa ndege nafasi, mwaka umekwisha. Mwaka 2024 Madaraka ilipofanyiwa Bungoma, uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, wengi walitoka huku kwenda kuona kwa macho yao. Nilifurahi kwa ajili yao. Mtu hupenda taifa limfuate nyumbani hata mara moja.

Siku mbili tu baada ya Madaraka inakuja tarehe 3 Juni. Kwenye kalenda ya Kenya hiyo ni siku ya kazi kama nyingine. Hata hivyo, kabla haijafika, mahujaji wa magharibi ya Kenya wanakuwa wameshavuka Busia na Malaba kwa miguu, rozari shingoni, chupa ya maji mkononi, wakielekea Namugongo, ndani ya Uganda. Kutoka Busia hadi huko ni takriban kilomita 200. Wanawakumbuka vijana Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wengi wao wakichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu wale 22 wa Kikatoliki mwaka 1964. Hakuna serikali iliyowapa mahujaji wetu likizo, wala hakuna aliyewatumia basi. Mama anayeuza ndizi sokoni anafunga kibanda siku kadhaa, anapoteza faida, anatembea. Nikitaka kujua watu wanathamini nini, natazama kile wanachokiendea kwa miguu yao bila kuitwa.

Ndipo Desemba inapofika. Nauli kutoka Nairobi inapanda, na bado watu wanapanda basi. Tarehe 12 ni Jamhuri, lakini hapa kwetu ni dalili tu kwamba wageni wako njiani. Wenye haki ya kuja wanakuja: wa Nairobi, wa Nakuru, na wale wa ng'ambo wanaovuka kwa boda boda, jina lililozaliwa kwenye mpaka huu kwa baiskeli zilizobeba abiria kati ya vituo viwili vya mpaka. Sisi Wateso wa pande zote mbili tulikuwa katika eneo moja hadi tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipokata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunga na upande wa Kenya. Hakuna nchi yoyote kati ya hizi mbili iliyoiweka siku hiyo kwenye kalenda. Sisi tunaijibu kila Desemba kwa kuketi pamoja.

Tunaketi kuzunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi. Ajon haifanywi kwa siku moja. Unga wa wimbi unalowekwa uchachuke, unakaangwa juu ya moto, unaanikwa juani, kisha unachanganywa na kimea cha wimbi na maji. Siku ya kunywa mchanganyiko huo unamiminiwa maji ya moto, na kila mtu anaingiza mrija wake mrefu. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia. Mkwe na mama mkwe hawaketi kwenye chungu kimoja, maana heshima kati yao ni ya umbali. Anayejua kuketi hapo anajua nani ni nani kwake, na hakuna anayeuliza kitambulisho ni cha nchi gani.

Hapo ndipo ninapoumia, na ninasema kwa kuwa ninaipenda desturi hii. Nilipokuwa mdogo nilidhani sikukuu ni siku watu wote wanapumzika. Nyumbani kwetu mmoja hakupumzika. Mama aliamka kabla ya majogoo, akakaanga wimbi moshi ukimla macho, akateka maji, akachinja kuku, akasonga atap, ugali wetu, na watu walipoketi akawa bado amesimama. Uganda tarehe 8 Machi ni sikukuu ya wanawake, ofisi zimefungwa. Ukivuka kuja huku ni siku ya kazi. Lakini sijaona jiko lililozimwa upande wowote wa mpaka.

Desemba iliyopita shangazi alikuwa amekuja kutoka Tororo. Maji yalipopoa chunguni, mjukuu mmoja wa kiume, mwanafunzi wa sekondari, alinyanyuka kwenda jikoni. Mama akamwita, "Keti, baba, nitaleta." Kijana akasema, "La, nyanya, wewe keti." Akarudi na birika la maji ya moto, akamimina taratibu. Shangazi akasogea kidogo kwenye kigoda, akamwachia mama nafasi na kumpa mrija. Mama akaupokea kwa mkono wa kulia, akaketi.