Droni Imeona Kila Kitu. Wewe Utaonyesha Nini?

Safari hii hatuanzi na ugonjwa. Tunaanza na memori kadi.

Tuseme wewe na wenzako wa klabu ya afya mmeamua kutengeneza filamu ya dakika tatu juu ya kichocho. Mtu mwenye droni na vibali vyake amekubali kuwasaidia. Siku ya kwanza ameirusha kandokando ya ziwa pale Musoma, siku ya pili Bunda, siku ya tatu Butiama. Sasa ameondoka zake, nanyi mmebaki na kadi yenye picha za saa nzima. Mnazitazama, mnashangilia: kumbe kwetu kuzuri hivi! Halafu mnakwama. Saa nzima itageukaje kuwa dakika tatu? Na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuhariri video.

Usiogope. Kuhariri si uchawi. Ni kuchagua, kupanga na kukata. Kompyuta au simu itakusaidia kukata, lakini haitakuambia ukate nini. Hiyo ni kazi ya kichwa chako, na mara nyingine ni kazi ya moyo wako. Endelea kusoma utaona kwa nini.

Kwanza, mnataka kusema nini?

Filamu isiyo na ujumbe ni kama daladala lisilo na kibao. Watu wanaweza kupanda, lakini hawajui wanakwenda wapi. Kabla ya kugusa kitu chochote, kaeni chini muandike sentensi moja. Kwa mfano: "Kichocho kinatupata majini, na tunaweza kukizuia."

Tukumbushane kidogo. Kichocho huletwa na minyoo. Mgonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humo huingia kwa konokono wa majini, hukua na kuongezeka, kisha hutoka na kuogelea vikimtafuta mtu. Ukiingia majini, vinapenya kwenye ngozi yako bila wewe kujua. Kandokando ya Ziwa Victoria kinachosumbua zaidi ni kichocho cha tumbo: maumivu ya tumbo, kuharisha, damu kwenye choo kikubwa, na baada ya miaka mingi ini na bandama huweza kuvimba. Dawa ipo, inaitwa praziquantel. Lakini dawa hiyo haikukingi usiambukizwe tena kesho yake ukirudi majini.

Sasa, droni inahusikaje? Inahusika sana. Ukiwa umesimama ufukweni unaona maji tu. Ukiwa juu unaona magugu yalipo, njia ya kwenda majini ilipo, choo kilipo, au kwamba choo hakuna. Huko Senegal watafiti walitumia picha za droni na setilaiti kutafuta makazi ya konokono wa kichocho, na mwaka 2019 walichapisha matokeo yao: ukubwa wa eneo lenye magugu majini ulisaidia kutabiri maambukizo ya watu vizuri kuliko kuhesabu konokono wenyewe. Kwa hiyo picha zenu si mapambo. Zinaweza kufundisha.

Haya, tuanze kazi

1. Nakili kabla ya yote. Msihariri kutoka kwenye kadi. Droni nyingi zikirekodi kwa ubora wa juu hutumia kiasi cha megabaiti 750 kwa dakika moja. Saa nzima ni kama gigabaiti 45. Tafuteni nafasi ya kutosha, mnakili mara mbili, sehemu mbili tofauti. Kadi ikipotea au umeme ukileta balaa, mtashukuru.

2. Tazama zote, ukiwa na daftari. Ndiyo, saa nzima! Andika namba ya faili, dakika, na unachokiona: "Faili la 7, dakika ya 2, kina mama wanaosha vyombo, magugu upande wa kushoto." Kazi hii inachosha, lakini atakayeiruka atapoteza siku mbili akitafuta kipande kimoja.

3. Chagua programu inayowezekana. Kwenye simu kuna CapCut na InShot. Kwenye kompyuta kuna DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, na Kdenlive na Shotcut ambazo ni bure kabisa. Kompyuta ikiwa ya zamani video nzito zitakwamakwama. Iambie programu itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Ukimaliza, yenyewe itarudi kwenye zile nzito.

4. Panga vipande kwenye mstari. Kila programu ina mstari pale chini, ambako vipande hupangwa kimoja baada ya kingine. Kipande cha droni kikizidi sana sekunde tano watu wanaanza kupiga miayo. Dakika tatu ni sekunde 180. Ukizigawa kwa tano unapata vipande 36 tu. Umeona? Kutoka saa nzima unatafuta vipande 36.

5. Kata mwanzo na mwisho wa kila kipande. Rubani anapoanza kusogeza droni picha huruka, na anaposimama hutikisika. Chukua katikati, pale mwendo ulipotulia. Na kama droni inakwenda kulia, usiiunganishe ghafla na kipande kinachokwenda kushoto. Macho ya mtazamaji yatavurugika.

6. Changanya juu na chini. Filamu ya angani tupu inachosha. Baada ya ziwa lote kutoka juu, weka picha ya simu ya mikono inayochota maji. Baada ya kijiji kizima, weka mlango wa choo. Juu anaona mahali, chini anaona maisha.

7. Sauti. Droni haikupi sauti ya maana. Rekodi msimulizi kwa simu, ndani ya chumba chenye mapazia au magodoro, mbali na redio ya jirani. Rekodi pia mawimbi, makasia, ndege. Ukitaka wimbo wa msanii, omba ruhusa kwanza. Wimbo ni jasho la mtu.

8. Rangi mwisho kabisa. Picha za saa sita mchana huwa na mwanga mkali na vivuli vyeusi. Punguza mwanga kidogo, inua vivuli kidogo, basi. Msiyafanye maji ya ziwa yawe ya buluu kama ya kwenye kalenda. Mtazamaji wa Makoko anayajua maji yake, na mkimdanganya kwenye rangi hatawaamini kwenye kichocho.

Kizuri lakini si cha hapa

Mtakuta vipande vinavyowavutia sana. Bunda droni imeonyesha tambarare inayoelekea Serengeti. Butiama imeonyesha Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Mioyo inawadunda. Lakini rudini kwenye ile sentensi yenu: kipande hiki kinasema nini juu ya kichocho? Kama hakisemi kitu, kiondoeni. Msikifute, kihifadhini kwa filamu nyingine. Hili ndilo somo la kwanza linalomuuma kila anayeanza kuhariri. Lipo la pili, ni zito zaidi.

Kipande cha watu wanaooga

Faili la 12, Musoma. Asubuhi, jua linapanda, magugu yanaonekana wazi, na watu wako majini. Wengine wanafua, wengine wanaoga. Ndicho kipande kinachoeleza kichocho kuliko vyote, maana kinaonyesha mtu, maji na magugu kwa pamoja. Lakini tazama vizuri. Wale wanaooga hawakuvaa nguo. Mmoja ni msichana wa rika lako. Amesikia mlio, ameinua uso, anaitazama droni.

Utafanyaje?

Mwingine atasema, "Ah, wako mbali, nani atawajua?" Lakini video ya ubora wa juu inaweza kukuzwa. Na mji wetu si mkubwa. Atajulikana kwa kanga yake, kwa ndoo yake, kwa jiwe analokaa kila siku. Filamu itaonyeshwa shuleni, kesho yake itazunguka kwenye simu, na msichana yule hatakuwa mfano wa kichocho tena. Atakuwa kichekesho. Labda ataacha kuja shule. Hapo mmekinga ugonjwa gani?

Kutia ukungu usoni hakutoshi, kwa sababu mwili na mahali vinamtaja. Tena mtu akitembea ukungu nao lazima umfuate, na ukimkosa kwa nusu sekunde tu, mtu ataisimamisha video hapohapo. Kikate. Kisha rudini ufukweni mchana, muongee na watu. Waombe vijana wenzenu waliovaa nguo waingie majini hadi magotini, wakijua wanarekodiwa na ni kwa ajili gani. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi akubali pia. Halafu wakitoka, wajikaushe, na muwaeleze kuhusu dawa na kupima. Msimwingize mtu kwenye maji yenye hatari kwa ajili ya picha na kumwacha hivihivi. Afadhali zaidi, mpigeni picha akiwa amesimama ukingoni bila kuingia. Ujumbe utafika.

Paa moja la Butiama

Sasa tuseme katika kipande cha Butiama droni imepita juu ya nyumba yenye uzio na wasichana uani. Nyumba ya kawaida, siyo? Labda. Lakini Mara ni mkoa ambao wasichana hukimbia ukeketaji, hasa likizo ya Desemba inapokaribia. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, limewapa wasichana hifadhi katika nyumba salama za Butiama na Mugumu. Wengine wamewakimbia ndugu zao wenyewe.

Picha za angani zimewasaidia wasichana hawa. Tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea wa Crowd2Map Tanzania wamechora ramani za vijiji kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka juu, ili barabara na vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani vionekane na anayekwenda kumwokoa msichana usiku asipotee. Lakini picha ileile inayomwonyesha mwokozi njia inaweza kumwonyesha njia anayemsaka.

Kwa hiyo msipojua nyumba ni ya nani, msiionyeshe kwa karibu. Kateni. Na kuna siri moja ambayo wengi hawaijui: baadhi ya droni huandika vipimo vya mahali ilipo, kila sekunde, katika faili dogo la maandishi linalokaa pamoja na video. Picha za mnato nazo hubeba vipimo hivyo ndani yake. Mnapompa mtu kazi yenu, mpeni video iliyokamilika peke yake. Msigawe kadi nzima.

Vijana huuliza

Naweza kurusha droni mwenyewe popote?
Hapana. Droni lazima iandikishwe Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na vibali viwepo. Uwanja wa ndege wa Musoma uko mjini kabisa, kwa hiyo usijaribu. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti ni marufuku bila kibali maalumu. Kwa anayeanza, kuhariri picha za mwenye kibali ni shule tosha.

Kama nimeshaoga ziwani, nifanye nini?
Nenda kituo cha afya ukapime. Dawa ikigawiwa shuleni, kula kwanza ndipo umeze. Maji ya kuoga yakikaa kwenye pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili, vijidudu vya kichocho hufa. Ya kunywa chemsha. Na tumia choo, usijisaidie ziwani.

Nikiona kwenye picha jambo la hatari, kama mtoto anayepigwa?
Usilirushe mitandaoni. Hifadhi faili, mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Kumbuka pia kwamba kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, kifungo chake ni miaka 5 hadi 15.

Kabla ya kuionyesha

Onyesheni filamu kwanza kwa watu watano ambao hawakuwepo. Msiwaelezee chochote. Waulizeni maswali mawili: "Umeelewa nini?" na "Kuna mtu humu ungeona aibu kama angekuwa dada yako?" Jibu la kwanza litawaambia kama mmepanga vizuri. La pili litawaambia kama mmekata vya kutosha.

Droni haichagui, inaona kila kitu kilicho chini yake: magugu, paa, msichana anayeoga. Anayechagua ni wewe uliyekaa mbele ya kompyuta. Ukichagua vizuri, watu watatoka kwenye filamu yenu wakiogopa kichocho. Na yule msichana wa faili la 12 atakuwa amekaa katikati yao, akitazama kwa amani kama wengine.