Makelele ndani ya mwangaza: data inabakije ya kweli?

Wandugu, wengi wetu tuko na data zote za mémoire kwenye flashi moja tu. Leo tuongelee adui yake asiyeonekana: makelele. Siyo ya muziki wa jirani. Ni kila kitu kinachochafua alama kati ya kuiandika na kuisoma.

Mfano mzuri ni hifadhi ya holografia, ambayo Pieter van Heerden aliipendekeza mwaka 1963. CD inasoma alama moja-moja. Holografia inasoma ukurasa mzima wa vidoti vyeupe na vyeusi mara moja. Mwangaza wa laseri uliobeba ukurasa unakutana na mwangaza wa pili ndani ya plastiki, na alama ya kukutana kwao inabaki mule. Ukibadilisha pembe, unaandika ukurasa mwingine pale pale.

Hapo ndiyo shida inaanza. Ukurasa wa jirani unavuja, plastiki inasinyaa, mwangaza unatawanyika. Kidoti cheupe kinakuwa kijivu. Sasa hii ni 1 ao 0?

Dawa ni mbili. Ya kwanza, kulinganisha: kati ya vidoti vinne, moja tu kinawashwa, basi mashine inatafuta chenye kung'aa kushinda wenzake. Ya pili, ziada: pamoja na data zinaandikwa namba zilizohesabiwa kutoka data yenyewe. Kanuni ya Reed na Solomon ya mwaka 1960, ambayo CD pia inatumia, inagundua kosa na kulirudisha sawa, kama makosa hayajapita kipimo.

Hii inatuhusu sisi wa Kisangani. Kule Yangambi, kilometa karibu 100 kutoka hapa, toka mwaka 1937 watu waliandika kila wiki miti gani inachanua, inazaa ao inapukutisha majani. Karatasi zile zilipigwa picha, na watu wa kujitolea wakazinakili kupitia mradi wa Jungle Rhythms. Ukurasa mmoja ulinakiliwa na watu mbalimbali, kisha majibu yakalinganishwa. Ni dawa ile ile! Bila hiyo, alama moja iliyosomwa vibaya ingesema mti umechanua wakati haukuchanua, na sisi tungeilaumu hali ya hewa.

Basi ukitoka shambani na kaye yako, watu wawili waingize namba, kila mtu pekee yake. Mulinganishe. Panapotofautiana, murudi kwenye karatasi, musikisie. Kisha muweke kopi mahali patatu. Makelele hayaishi, lakini yanaweza kukamatwa.